Kosa la Hewa au la Waya? Mjadala wa Diski Inayopotea

Siku hizi, katika nyumba nyingi za Ruashi, hapa Lubumbashi, picha za familia hazikai tena kwenye albamu. Zimo ndani ya simu, na simu ikijaa zinahamishiwa kwenye diski ya nje: ubatizo wa mtoto, ndoa ya dada, sauti ya babu akisimulia enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière. Diski hiyo inachomekwa nyuma ya ruta ili kila mwenye simu au kompyuta nyumbani aifikie kwa WiFi. Mpango ni mzuri. Shida ni kwamba asubuhi diski ipo, jioni haipo. Unazima ruta na kuiwasha, diski inarudi. Unaanza kunakili video, katikati inapotea tena.

Nani alaumiwe? Nimeyasikia majibu mengi, na kila mwenye jibu analishika kwa nguvu. Kwa hiyo nimezigawa hoja kwa wasemaji wanne. Mwanafunzi wa informatiki anasimama upande wa hewa: kwake mkosaji ni WiFi. Fundi wa umeme, mtu mzima aliyezeeka na kazi yake, anasimama upande wa waya. Mpiga picha wa ndoa ndiye mwenye diski na mwenye hasara. Mama ni mwenye nyumba, na ndiye analipia intaneti. Mimi nitangoja mwisho kutoa uamuzi.

Duru ya kwanza: hewa

Mwanafunzi: Papa, Mama, na wewe yaya mpiga picha, naanza na lililo wazi. Tazameni nyumba zetu. Kuta ni za matofali ya kuchoma, mengi yamefyatuliwa kwa udongo wa kichuguu, na juu ni mabati. Mabati yanarudisha mawimbi, ukuta mnene unayapunguza. WiFi ya nyumbani inatumia masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 5 yana kasi, lakini kuta mbili tu zinayachosha. Yale ya 2.4 yanapenya vizuri zaidi, ila majirani wote wamo humo humo, na katika chaneli zake zote ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, zisizoingiliana. Ruta kumi za mtaa mmoja zikijazana kwenye chaneli ya 6, nani atasikilizana? Diski inapotea kwa sababu njia ya kuifikia imezibwa.

Fundi: Mwanangu, kuta nazikubali. Ila nijibu swali moja. Diski inapopotea, WiFi nayo inapotea?

Mpiga picha: Hapana, Papa. Simu inabaki imeshika WiFi vizuri, ujumbe unaingia, video za intaneti zinacheza. Diski peke yake ndiyo haionekani. Na haionekani hata nikikaa hatua mbili kutoka kwenye ruta.

Mama: Basi barabara inapitika na duka ndilo limefungwa. Kwa nini tunailaumu barabara?

Mwanafunzi: Mama amenibana vizuri. Lakini nisipokonywe hoja yote. Kuna nyumba ambako simu iliyo sebuleni inaiona diski na simu ya chumba cha nyuma haiioni, saa ile ile. Hapo kosa ni la hewa, halina ubishi.

Fundi: Nakubali. Kwa hiyo kabla ya kubishana tuulize maswali matatu. La kwanza: diski imepotea kwa watu wote nyumbani, au kwa mmoja? Ikiwa kwa mmoja, chunguza kifaa chake na mahali alipo. La pili: diski ikipotea, ruta bado inajibu? Fungua ukurasa wake wa mipangilio. Ukifunguka, ruta ni nzima na hewa ni nzima. La tatu: je, ruta yenyewe inaiona diski? Ukurasa ule ule unaonyesha kama kuna kitu kwenye mlango wa USB. Ikiwa ruta iliyoshikana na diski kwa waya haiioni, simu itaionaje kwa hewa?

Mpiga picha: Hilo la tatu sikuwahi kulifanya. Nilikuwa nazima na kuwasha tu.

Fundi: Na kwa kuzima na kuwasha unafuta ushahidi. Ruta nyingi zinaandika daftari la matukio: saa fulani kifaa cha USB kimeondoka, saa fulani kimerudi. Lisome kabla hujagusa kitu.

Duru ya pili: waya

Fundi: Sasa tuje kwenye diski yenyewe. Hii ndogo ya inchi 2.5 haina adapta yake. Inakula umeme wa mlango wa USB inakochomekwa. Mlango wa USB 2.0 umewekewa miliampea 500. Wa USB 3.0, uliokuja mwaka 2008, umewekewa 900. Ndani ya diski kuna sahani inayozunguka, kwa diski nyingi za aina hii, mara 5,400 kwa dakika. Kuikimbiza sahani hiyo kutoka kusimama hadi kasi kamili kunahitaji nguvu kuliko kuiacha iendelee kuzunguka; kwa sekunde chache za kuamka diski inaweza kuomba karibu ampea nzima. Mlango ukishindwa, diski inakata tamaa, inasimama, inajaribu tena.

Mwanafunzi: Lakini Papa, diski hiyo hiyo kwenye kompyuta ya yaya inafanya kazi mchana kutwa. Ingekuwa mbovu, ingekataa na kule.

Fundi: Sikusema ni mbovu. Nimesema ina njaa ya umeme. Mlango wa kompyuta ni mmoja, wa ruta ni mwingine. Geuza adapta ya ruta usome maandishi madogo: volti 12, ampea 1. Hizo ni wati 12 tu, na kwa hizo ruta inapaswa kuendesha redio za WiFi, taa zake, na diski juu yake. Na adapta iliyonunuliwa sokoni kuchukua nafasi ya ile ya kwanza inaweza kuandikwa ampea 1 na isiifikishe.

Mpiga picha: Sasa nakumbuka kitu. Kabla ya kupotea, diski inatoa mlio. Inavuma, inanyamaza, inagonga kidogo, inavuma tena. Na taa yake inazimika kwa muda mfupi sana.

Fundi: Huo mlio ndio jibu. Taa ikizimika, si mpangilio wa mtandao uliokosewa. Umeme wake umekatika au umepungua. WiFi haiwezi kuzima taa ya diski. Ila sikilizeni vizuri: mlio wa kugonga ukiendelea hata diski ikiwa kwenye kompyuta nzuri kwa kebo nzuri, hapo ni vichwa vya kusomea au sahani. Diski ya namna hiyo usiiwashe na kuizima kwa kujaribu. Okoa kilichomo kwanza, au ipeleke kwa mtu wa kazi hiyo.

Mama: Na kebo? Watoto wananunua kebo kila wiki.

Fundi: Mama, hapo ndipo panaponiuma. Tunakaa Ruashi, shaba inachimbwa kwenye udongo wetu wenyewe, halafu kebo tunazonunua nyingine hazina shaba ya kutosha. Waya ukiwa mwembamba, unaula umeme njiani. Chukua kebo ya mita moja yenye nyuzi nyembamba zile za namba 28 kwa kipimo cha AWG. Kwenda na kurudi, upinzani wake ni karibu omu 0.43. Diski ikivuta ampea 0.9, unapoteza karibu volti 0.4 kabla umeme haujafika. Ulitoka na volti 5, diski inapata 4.6. Mlango wenyewe ukiwa dhaifu na kuanza na 4.8, umebaki na 4.4. Chukua kebo nyingine ya urefu ule ule, yenye nyuzi nene za namba 24: unapoteza volti 0.15 tu.

Mwanafunzi: Na zile za alumini iliyopakwa shaba?

Fundi: Alumini inazuia umeme zaidi ya mara moja na nusu kuliko shaba kwa unene ule ule. Ukikwaruza waya kwa wembe ndani ukaona weupe, usiitumie kwa diski. Na urefu ni adui. Kebo ya diski iwe fupi kadiri unavyoweza, nusu mita au chini yake.

Mpiga picha: Dawa yake nini, nisipotaka kununua ruta nyingine?

Fundi: Nunua habu ya USB yenye adapta yake, volti 5 na ampea 2 au zaidi. Habu inakaa kati ya ruta na diski: ruta inatoa njia ya data, adapta ya habu inatoa nguvu. Au tumia diski kubwa ya inchi 3.5 inayokuja na adapta yake ya volti 12. Diski ikitulia baada ya hapo, umejua mkosaji bila kufungua mpangilio wowote.

Duru ya tatu: delestaji

Mpiga picha: Lakini mbona inazidi jioni? Kebo ni ile ile, ruta ni ile ile.

Fundi: Kwa sababu jioni mji mzima unarudi nyumbani. Majiko ya umeme yanawashwa, pasi zinawashwa, volti inashuka. Taa inakuwa nyekundu, na adapta ya bei rahisi inashindwa kushikilia volti 12 zake. Ruta inaweza kuvumilia, diski haivumilii. Kisha kuna delestaji: umeme unaenda ghafla, unarudi ghafla, na dakika za kwanza za kurudi unayumba.

Mama: Na huu umeme una historia yake. Mtambo wa umeme wa Mwadingusha uko hapa Katanga tangu mwaka 1930, ukajengwa kwa ajili ya migodi. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ilikamilika mwaka 1982, nayo ikaja kwa ajili ya migodi. Sisi wa majumbani tumekuwa tukipata kinachobaki.

Fundi: Ndiyo, Mama. Ndiyo maana ushauri ulioandikwa kwa mtu wa mji usiokatika umeme hautufai wote. Yeye anaambiwa abadilishe chaneli. Sisi tunapaswa kupima soketi kwanza.

Mwanafunzi: Papa, nitakupa ushahidi upande wako, ingawa unaniumiza. Diski zinaandika maisha yao zenyewe, kwenye orodha inayoitwa SMART. Kuna programu za bure za kuisoma ukiichomeka diski kwenye kompyuta, ingawa si kila kasha la USB linaruhusu. Namba 12 inahesabu mara ambazo diski imewashwa. Namba 192, kwa diski nyingi, inahesabu mara ambazo umeme ulikatika bila taarifa, vichwa vikalazimika kukimbilia maegesho kwa haraka. Ukikuta 192 imepanda karibu sawa na 12, maana yake karibu kila kuzimika kwa diski hiyo kulikuwa kwa ghafla.

Mpiga picha: Na namba zinazotisha ni zipi?

Mwanafunzi: Namba 5, sehemu za sahani zilizoharibika zikahamishwa. Namba 197, sehemu zinazosubiri kuhukumiwa. Hizo mbili zikiwa sifuri, pumua. Zikianza kupanda wiki hadi wiki, nunua diski nyingine wala usingoje mwezi uishe.

Fundi: Umeona? Umeme kukatika ghafla hakuishii kwenye diski kupotea tu. Diski ikikatika katikati ya kuandika, orodha ya mafaili inaweza kuvunjika.

Mwanafunzi: Na hapo mfumo wa mafaili una maana. exFAT unasomwa na karibu kila kifaa, ndiyo maana watu wanaupenda, lakini hauna daftari la kurekodi kazi iliyoachwa nusu. NTFS inalo, na ext4 ya Linux inalo. Kwa mji wenye delestaji, kama ruta yako inaweza kuandika kwenye NTFS au ext4, chagua hiyo. FAT32 iache kabisa: haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na video ya ndoa moja inapita hapo.

Mama: Nani atanieleza nifanye nini umeme ukienda? Ninyi mnazungumza namba.

Fundi: Mama, weka betri ndogo ya akiba kwa ruta, yenye matokeo ya volti 12 kwa ruta na volti 5 kwa habu ya diski. Zinauzwa, si kubwa kuliko kitabu. Umeme ukienda, ruta na diski hazijui. Ukiwa huna betri hiyo, umeme ukienda chomoa adapta zote mbili ukutani, na ukirudi ngoja dakika kadhaa utulie ndipo uchomeke. Msimu wa mvua, radi zikianza, chomoa mapema. Radi za huku hazina huruma na vifaa.

Duru ya nne: hewa inarudi

Mwanafunzi: Sasa naomba zamu yangu, kwa sababu Papa anataka kuondoka na ushindi wote. Kuna siku umeme ni mzuri, kebo ni nene, habu ina adapta, ruta inaiona diski, na bado simu inakatikiwa. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ilitoa waraka ikieleza kwamba vifaa vya USB 3.0 vinapofanya kazi vinatoa kelele ya redio kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4. Kelele hiyo inatoka kwenye diski, kwenye kebo na kwenye kichomeo. Diski ikikaa kando ya antena za ruta, inapoanza kusoma faili kubwa inaizibia masikio ruta yake yenyewe.

Mpiga picha: Kwa hiyo diski inajikatia njia?

Mwanafunzi: Ndiyo, yaya. Na dalili yake ni ya pekee: WiFi ya 2.4 inakuwa nzito wakati diski inafanya kazi tu, na diski ikitulia WiFi inapona. Dawa ni kuisogeza diski mbali na antena, kutumia kebo yenye kinga nzuri, na kuhamisha simu na kompyuta kwenye gigahezi 5 zikiwa karibu. Ruta nyingine zina mpangilio wa kuushusha mlango wa USB 3.0 uwe 2.0: kasi inapungua, kelele inakwisha.

Fundi: Hilo sikulijua, na nalipokea. Lakini angalia, bado chanzo ni kebo na diski.

Mwanafunzi: Na njia inayoumia ni hewa, Papa. Tugawane. Kuna mengine matatu ambayo si umeme. La kwanza ni usingizi. Diski nyingi zinasimamisha sahani baada ya dakika kadhaa za kutotumika. Ukiiomba faili, inahitaji sekunde nyingi kuamka, na simu isiyo na subira inatangaza kwamba diski haipo. Dalili: ukijaribu mara ya pili inafunguka. Dawa: ongeza muda wa kulala au uuzime, kwenye programu ya diski au kwenye ruta.

La pili ni anwani. Hili linahusu diski zenye WiFi yake ndani au zinazoingia kwenye mtandao kama kifaa kamili. Ruta inaigawia anwani ya muda. Umeme ukikatika na kurudi, inaweza kuipa nyingine, na njia ya mkato uliyoiweka kwenye kompyuta inaelekea nyumba isiyo na mtu. Ingia kwenye ruta uihifadhie diski anwani moja ya kudumu. Diski iliyochomekwa kwenye ruta haina shida hiyo, kwa sababu anwani yake ni ya ruta. Hiyo iite kwa anwani badala ya jina: kwenye Windows andika mikwaju miwili ya kinyume (\\) kisha, kwa ruta nyingi, 192.168.1.1. Ikifunguka, diski ipo. Kilichopotea ni jina lake kwenye orodha.

La tatu ni lugha ya zamani. Ruta za zamani zinagawa mafaili kwa itifaki ya SMB1. Baada ya shambulio la WannaCry la Mei 2017, Microsoft iliacha kuiweka SMB1 kwenye Windows 10 mpya kuanzia toleo la mwishoni mwa mwaka ule. Hapo diski haiji na kwenda; kompyuta mpya haiioni kabisa, na ya zamani inaiona. Usiirudishe SMB1 kwa kuwa inafanya kazi. Tafuta programu mpya ya ruta kwa mtengenezaji wake, au badilisha ruta.

Duru ya tano: ni lazima iwe kwenye WiFi?

Mama: Nimewasikiliza wote. Sasa ninauliza mimi. Kwa nini tuteseke? Diski ikae kabatini. Anayeitaka aichomeke kwenye kompyuta, amalize, airudishe. Picha za ndoa za watu si za kuchezewa na hewa wala na delestaji.

Mwanafunzi: Mama, diski ya kabatini hakuna anayeitazama. Wewe mwenyewe ulitaka kuona video ya ubatizo wa mjukuu kwa simu yako, na simu yako haina mlango wa kuichomekea. Watoto wanasoma masomo yaliyohifadhiwa humo bila kula vifurushi vya intaneti. Kitu cha familia kiwe mahali familia inapokifikia.

Mpiga picha: Mimi niko katikati. Mteja akija studio nataka kumwonyesha kazi yangu papo hapo kwa WiFi. Lakini siku diski ilipopotea katikati ya kunakili, faili la ndoa moja lilibaki nusu, na kwenye kamera nilikuwa nimeshafuta. Wale maharusi hawataoana tena ili nipige upya.

Fundi: Hapo ndipo wote tunapopaswa kusimama. Kosa kubwa pale halikuwa la kebo. Lilikuwa ni kufuta kwenye kamera kabla ya kuhakiki nakala.

Mwanafunzi: Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni rahisi kwa wenzake: nakala tatu za kila kitu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba. Huku kupakia terabaiti nzima kwenye intaneti ni gharama kubwa, basi nakala ya nje iwe diski ya pili kwa ndugu anayekaa komini nyingine, Katuba au Kamalondo.

Mama: Hilo nimelielewa kuliko gigahezi zenu zote.

Uamuzi

Ninaijali hoja hii kwa sababu ya mji wetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa majumbani. Leo inasomwa hata mbali na Lubumbashi kwa sababu ilitolewa nakala, na mwaka 1990 Johannes Fabian akaichapisha pamoja na tafsiri. Familia za Ruashi nazo zinaandika historia ya mji kila Jumamosi ya ndoa, kwa picha na video. Tofauti ni kwamba nyingi za historia hizo zina nakala moja tu, ndani ya sahani inayozunguka, kwenye umeme unaoyumba.

Kwa hiyo ninahukumu hivi. Kwa swali la nani alaumiwe kwanza, Fundi ameshinda. Katika komini yetu, diski inayopotea huku WiFi ikiendelea kufanya kazi ishukiwe umeme na kebo kabla ya kitu kingine. Mwanafunzi ameshinda katika hatua ya pili: umeme ukishatulia, kelele ya USB 3.0, usingizi, anwani na itifaki ya zamani ni makosa ya kweli, na kila moja lina dalili yake. Mama ameshinda nusu: hewa ni kwa kutazama, waya ni kwa kuandika. Faili lolote lisilo na nakala nyingine lisihamishwe kwa WiFi. Lihamishwe kwa kebo, kisha lifunguliwe na kutazamwa hadi mwisho, ndipo kamera isafishwe.

Utaratibu wa kazi ni huu. Kabla ya kujaribu chochote, nakili vilivyomo uviweke kwenye diski ya pili. Kisha chomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta kwa kebo fupi na nene, uiache ifanye kazi jioni nzima. Ikitulia, diski ni nzima. Irudishe kwenye ruta kupitia habu yenye adapta yake. Ikitulia hapo, umepata mkosaji. Isipotulia, soma daftari la ruta, rekebisha usingizi na anwani. Mwisho kabisa ndipo uisogeze mbali na antena na kubadilisha chaneli. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja diski ikapona, hutajua kilichoiponya, na ikiugua tena utaanza upya.

Kwa wauzaji wa vifaa sokoni ninaomba jambo moja: mwambieni mnunuzi ukweli wa kebo, unene wake na kama ndani ni shaba. Kwa vijana wanaojua informatiki: mkiitwa nyumbani kwa jirani, pimeni soketi kabla ya kufungua mipangilio. Na kwako msomaji uliye na diski moja yenye picha zote za wazazi wako: diski ya pili ni ya lazima kuliko ruta mpya. Inunue kwanza.